Maikrofoni ya Simu na Sauti za Njia ya Misafara

Tarehe 7 Novemba 1857 msafara wa Richard Burton na John Hanning Speke uliingia Kazeh, mahali ambapo leo ni sehemu ya Tabora. Burton alikuwa msikilizaji makini, na katika maandishi yake alivitaja vyombo vilivyoupa msafara sauti yake: ngoma iliyopigwa mbele nyuma ya kiongozi, baragumu la pembe ya tandala, na njuga zilizofungwa miguuni. Juu ya hayo zilisikika nyimbo za wapagazi, ambao wengi wao katika njia ile ya Bagamoyo hadi Ujiji walikuwa Wanyamwezi. Hakuna aliyezinasa sauti hizo. Mwaka huo huo wa 1857 Mfaransa Édouard-Léon Scott alipata hataza ya chombo kilichochora mitetemo ya sauti juu ya karatasi yenye masizi, lakini mchoro ule haukuweza kusikilizwa. Ilibidi kungoja fonografu ya Edison ya mwaka 1877.

Karl Weule wa jumba la makumbusho la Leipzig alipozuru kusini ya nchi mwaka 1906, alichukua fonografu, na wapagazi wake Wanyamwezi waliimba mbele ya pembe yake. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizinasa nyimbo nyingi katika Tanganyika, zikiwemo za Wanyamwezi. Leo chombo cha kunasia kimo mfukoni mwa karibu kila mwalimu, nacho ni simu. Shule iliyo Tabora, Urambo, Nzega au Sikonge yaweza kumwendea mzee anayezikumbuka nyimbo alizorithi kwa babu yake, ikarudi na sauti yake siku hiyo hiyo. Swali ni moja tu: sauti itakayorudi itakuwa na maneno yanayosikika, au itakuwa mvumo mtupu? Mzee wa miaka tisini hawezi kuombwa kila mwezi aanze upya. Kwa hiyo maikrofoni ya nje, ile inayonunuliwa dukani na kuchomekwa kwenye simu, hapana budi ipimwe kabla ya safari. Vifaa vya kupimia vimo katika shule yoyote.

Kwanza neno lenyewe. Katika Kiswahili cha kila siku "kipaza sauti" ni chombo ambacho mtu husema mbele yake, na pia ni lile boksi litoalo sauti kubwa uwanjani. Kwa mwanafizikia hivi ni vitu viwili vyenye kazi zilizo kinyume: kimoja hugeuza mtetemo wa hewa kuwa umeme, kingine hugeuza umeme kuwa mtetemo wa hewa. Katika makala haya cha kwanza kitaitwa maikrofoni na cha pili spika.

Maikrofoni ndogo za kuchomeka aghalabu ni za aina iliyobuniwa mwaka 1962 na Gerhard Sessler na James West katika maabara za Bell, Marekani. Ndani yake mna kiwambo chembamba cha plastiki, mfano wa ngozi ya ngoma, kilicho karibu sana na bamba la chuma. Katika plastiki hiyo, au juu ya bamba lenyewe, chaji ya umeme imegandishwa kiwandani, nayo hudumu kwa miaka mingi. Kiwambo na bamba kwa pamoja ni kapasita. Mwanafunzi atakumbuka kwamba volti za kapasita ni sawa na chaji yake ikigawanywa kwa uwezo wake wa kuhifadhi. Chaji haibadilika, lakini wimbi la sauti likikisukuma kiwambo, nafasi kati yake na bamba hupungua na kuongezeka, uwezo hubadilika, na volti hufuata. Volti hizo ni dhaifu mno kupita katika waya, kwa hiyo transista ndogo imewekwa papo hapo kuzisaidia, na transista hiyo yahitaji kulishwa. Simu ndiyo huilisha, kwa volti 2 hivi, kupitia waya ule ule unaorudisha sauti.

Hapa ndipo mitego ya kwanza ilipo. Plagi ya maikrofoni iliyotengenezwa kwa simu ina vipande vinne vya chuma vilivyotenganishwa na pete tatu nyeusi: viwili vya mbele ni vya spika za masikio, cha tatu ni cha ardhi, na cha nne, kilicho shinani, ni cha maikrofoni. Katika baadhi ya simu za zamani hivi viwili vya mwisho vilibadilishana nafasi. Maikrofoni iliyotengenezwa kwa kamera huwa na vipande vitatu tu. Ikichomekwa kwenye simu, shina lake hugusa mahali pa ardhi na mahali pa maikrofoni kwa pamoja. Simu hupima ukinzani, hukuta sifuri, na hukata shauri kwamba hakuna maikrofoni iliyochomekwa.

Ukinzani huo ndio lugha ya simu. Kwa kawaida ya simu za Android, ukinzani wa omu 1,000 au zaidi huhesabiwa kuwa maikrofoni, na ukinzani ulio chini ya hapo huhesabiwa kuwa kitufe: omu 240 hivi ni kuongeza sauti, na omu 470 hivi ni kuipunguza. Sasa ichukuliwe maikrofoni ile kubwa ya mkononi itumiwayo makanisani, misikitini na kwenye mikutano. Hiyo ni ya koili na sumaku, na ukinzani wake, kwa mita ya omu ya maabara, aghalabu huwa kati ya omu 150 na 600. Ikichomekwa kwenye simu kwa waya wa kuungaunga, simu yaweza kudhani kwamba mtu amebonyeza kitufe na hakuachia. Chombo ni kizima, simu ni nzima, na bado haviwezi kusemezana mpaka kiwekwe kiunganishi maalumu kati yao. Simu nyingi mpya, kwa upande wao, hazina kabisa tundu la duara; zahitaji maikrofoni au kiunganishi cha tundu la kuchajia.

Kwa sababu hiyo jaribio la kwanza ni la kujua ni maikrofoni ipi inayonasa, wala lisidharauliwe kwa wepesi wake. Simu isipoitambua maikrofoni ya nje haipigi kelele. Huendelea kunasa kwa maikrofoni yake ya ndani, kimya kimya. Ichukuliwe mfano wa wanafunzi waliombana mzee maikrofoni kwenye ukosi wa kanzu, huku simu imewekwa juu ya meza, hatua tatu kutoka kwake. Watarudi na sauti iliyonaswa kutoka mezani, wakilaumu maikrofoni ambayo haikufanya kazi hata kidogo. Dawa yake ni kuanza kunasa, kuikwaruza maikrofoni ya nje kwa ukucha mara tatu, kisha kuukwaruza mwili wa simu mara tatu, na kusikiliza. Mkwaruzo wenye nguvu zaidi huonyesha sikio liko wapi. Jambo hili huchukua nusu dakika, na lifanywe kila mara programu ya kunasia inapobadilishwa, kwa kuwa programu moja yaweza kuitambua maikrofoni ya nje na nyingine isiitambue.

Jaribio la pili ni gumu kidogo, kwani hapa kinachopimwa si maikrofoni bali uaminifu wa simu. Simu ilitengenezwa kwa mazungumzo, na katika mazungumzo ni wema kumwinua anayesema polepole na kumshusha anayepiga kelele. Kazi hiyo hufanywa na simu yenyewe bila kuulizwa. Kwa mpimaji wema huo ni udanganyifu: maikrofoni dhaifu na maikrofoni hodari zitaonekana sawa.

Udanganyifu huo hufichuliwa kwa kanuni ambayo kila mwanafunzi wa fizikia anaifahamu. Katika uwanja ulio wazi, umbali kutoka kwa chanzo kidogo cha sauti ukiongezeka mara mbili, kanieneo ya sauti hupungua kwa nusu, yaani desibeli 6. Simu ya pili iwekwe juu ya kigoda katikati ya uwanja wa mpira asubuhi kabla ya upepo, ipige mlio mmoja usiobadilika wa mitetemo 1,000 kwa sekunde. Maikrofoni iwekwe sentimita 25 kutoka kwake, kisha 50, kisha mita 1, na kila mara pananaswe sekunde kumi. Kilichonaswa kikifunguliwa katika kompyuta ya shule, kwa programu ya bure kama Audacity, vipimo vitatu vinapaswa kushuka kwa ngazi za desibeli 6 hivi. Vikishuka kwa desibeli 1 au 2 tu, simu inajisahihisha, na hapana budi itafutwe programu ya kunasia yenye kuruhusu sauti ichukuliwe bila kusarifiwa. Simu za Android zimekuwa na mlango wa namna hiyo tangu toleo la 7 la mwaka 2016, ingawa si kila mtengenezaji aliyeufungua. Mpaka jambo hili limalizwe, majaribio mengine yote hayana maana, na hapa ndipo mapitio mengi ya wauzaji na wanunuzi yanapoanguka.

Baada ya hapo yaweza kuulizwa swali lenye uzito zaidi kwa kazi ya Tabora: maikrofoni ina mvumo wake kiasi gani? Kila maikrofoni hutoa mvumo hata pakiwa kimya kabisa, kama mchele unaomiminwa mbali. Katika vipimo vya kiwanda mara nyingi huandikwa uwiano wa desibeli 60 kati ya sauti na mvumo. Sauti inayorejelewa hapo ni ya desibeli 94, kwa hiyo mvumo wa maikrofoni yenyewe ni sawa na sauti ya desibeli 34. Mtu asemaye kwa kawaida hufikia desibeli 60 hivi mita 1 kutoka kinywani. Tofauti yao ni 26. Maikrofoni ikisogezwa hadi sentimita 25, yaani umbali ukipungua kwa nusu mara mbili, sauti hupanda hadi 72 na tofauti huwa 38. Kwa maneno mengine, kuisogeza maikrofoni kwa urefu wa mkono mmoja kumeleta faida ya desibeli 12 bila kununua kitu. Waliokuwa na fonografu walilijua hilo kwa shida: mwimbaji alilazimika kuukaribia mdomo wa pembe, la sivyo nta haikuchorwa kitu.

Kwa nini desibeli hizo ziwe muhimu zaidi kwa Kinyamwezi? Lugha hii, kama jirani yake Kisukuma, ina vokali saba, ina toni zinazobeba maana, na ina sauti za puani zitamkwazo kwa pumzi, ambazo huandikwa mh na nh, kama ile ya mwanzo wa neno mhola, neno la amani na heri lijulikanalo na kila aliyesalimiana na Msukuma. Toni ni mpando na mshuko wa mrudio wa sauti, na huo hustahimili hata maikrofoni mbaya. Lakini pumzi ya puani ni dhaifu sana, na yenyewe yafanana na mvumo. Maikrofoni yenye mvumo mwingi huifunika, na msikilizaji wa baadaye asiyeijua lugha vyema ataandika m mahali pa mh bila kushuku. Hapo kosa la umeme limekwisha kuwa kosa la sarufi.

Mvumo hupimwa usiku, baada ya jenereta kuzimwa na wakati ambapo hakuna treni stesheni. Maikrofoni huviringishwa katika blanketi ndani ya sanduku, hunaswa dakika moja ya ukimya, na kiwango chake hulinganishwa na kile cha mtu asomaye kwa sauti ya kawaida kutoka sentimita 25. Tofauti ikiwa chini ya desibeli 30, maikrofoni hiyo isiende kwa mzee.

Tukirudi kwa Burton, sauti alizozitaja ni kama zimechaguliwa kwa ajili ya jaribio la marudio, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Ngoma kubwa hutetema chini, kwenye hezi 100 na pungufu. Baragumu huwa katikati, katika mamia ya hezi, pamoja na sauti ya binadamu. Njuga huwa juu sana, nguvu yao nyingi ikiwa katika maelfu ya hezi. Pasipo na njuga, shada la funguo likitikiswa hufanya kazi hiyo hiyo. Shule yenye kikundi cha ngoma ina maabara kamili. Vipigwe kimoja kimoja, mita 2 kutoka kwa maikrofoni ya nje, kisha mbele ya maikrofoni ya ndani ya simu, na visikilizwe kwa spika nzuri, si kwa spika ya simu, ambayo haina uwezo wa kutoa sauti ya ngoma hata ikinaswa vyema.

Njuga zikisikika kama changarawe zilizolowa maji, sababu yaweza kuwa mojawapo ya mbili. Huenda ni maikrofoni: vumbi jekundu likiziba wavu wake, sauti za juu ndizo za kwanza kupotea. Au huenda ni programu. Simu haihifadhi wimbi zima. Hulipima mara nyingi kwa sekunde na kuandika tarakimu. Kanuni ni kwamba mrudio wa juu kabisa unaoweza kuhifadhiwa ni nusu ya idadi ya vipimo. Programu ipimayo mara 8,000 kwa sekunde haiwezi kuhifadhi chochote kilicho juu ya hezi 4,000, na njia ya kawaida ya simu hukata mapema zaidi, kwenye hezi 3,400. Sehemu kubwa ya nguvu ya s na f ipo juu ya hapo. Programu ipimayo mara 44,100 hufika hezi 22,050, kupita uwezo wa sikio. Ni kosa la kusikitisha kununua maikrofoni nzuri na kuiacha nyuma ya mlango mwembamba namna hiyo, na marekebisho yake ni kubonyeza mara mbili katika mipangilio.

Ngoma, kwa upande wake, yaweza kuleta matatizo ya kinyume. Ikipigwa karibu, kilele cha wimbi hugonga dari la chombo na kukatwa. Katika kompyuta mawimbi huonekana kama vilima vilivyokatwa vichwa kwa panga. Kilichokatwa hakirudi. Afadhali kunasa kwa kiwango cha chini, vilele vikibaki desibeli 12 chini ya dari.

Chumba nacho hupimwa. Darasa lenye bati juu na saruji chini hurudisha sauti kutoka kila upande, maneno hupandana. Kofi moja kubwa lipigwe na mkia wa sauti usikilizwe. Kofi hilo hilo lipigwe katika nyumba ya udongo, mfano wa tembe lile la Kwihara, nje kidogo ya mji, ambamo Livingstone alikaa mwaka 1872 akingoja wapagazi. Kuta zenye mikunjo na sakafu ya udongo yenye mikeka hunyonya zaidi. Bora kuliko vyote viwili mara nyingi ni kivuli cha mwembe, ambapo hakuna ukuta wa kurudisha kitu, ila kuna ndege na, wakati wa kiangazi, upepo kutoka kusini-mashariki.

Upepo si sauti, ni msukumo wa hewa unaokitikisa kiwambo moja kwa moja, na hutoa ngurumo za chini zenye nguvu kuliko usemi. Kifuniko chembamba cha sponji kinachouzwa pamoja na maikrofoni huzuia pumzi ya kinywa tu. Nje yahitajika kitambaa chenye manyoya marefu, kilichoshonwa kwa namna inayoacha nafasi ya hewa kati yake na maikrofoni. Fundi cherehani yeyote aweza kukishona kutokana na kanda la mwanasesere mzee. Kipimo chake ni kunasa dakika moja pamoja nacho na dakika moja bila, mahali pamoja, mchana huo huo.

Mwisho, masikio yenyewe yawe mahakimu, lakini yasijue yanamhukumu nani. Mwanafunzi mmoja aandike jozi 40 za maneno yanayoachana kwa sauti moja: samani na thamani, saa na faa, suka na shuka. Asome neno moja la kila jozi, kwa kura, mbele ya maikrofoni ya nje na ya ndani zote zikinasa kwa simu mbili. Darasa lisikilize bila kuambiwa ipi ni ipi, na kila mmoja aandike alichosikia. Anayekisia tu atapata karibu 20 kati ya 40, kwa hiyo 20 ni sawa na uziwi. Na tofauti ndogo isisherehekewe: 36 kwa maikrofoni moja na 33 kwa nyingine yaweza kuletwa na bahati, hasa ikiwa msikilizaji ni mmoja. Jaribio lirudiwe na wasikilizaji kumi, na orodha ibadilishwe. Wengine watagundua kwamba maikrofoni ya ndani ya simu, ikishikwa sentimita 20 kutoka kinywani, imeishinda ile ya dukani. Matokeo hayo yaandikwe pia.

Siku ya safari, kabla mzee hajaanza, mwenye simu akwaruze maikrofoni mara tatu, kisha ataje kwa sauti tarehe, kijiji, umbali wa maikrofoni na jina la programu, anyamaze kwa nusu dakika ili mvumo wa mahali pale unaswe peke yake, na ndipo aseme: "Karibu, babu."